Kuchora falsafa si kuipamba

Wengi hudhani kuchora matini ya falsafa ni kuipamba, au ni kazi ya walioshindwa kuisoma. Sivyo hata kidogo. Mchoro hukulazimisha kuamua yale ambayo msomaji huyapita haraka. Chukua pango la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu cha 7 cha Jamhuri: wafungwa wa humo huona tu vivuli ukutani mbele yao, vinavyotokana na mwanga wa moto. Moto huo uko wapi? Uko juu, nyuma ya wafungwa. Kati yake na wao pana ukuta mfupi. Ukichora moto mbele yao, vivuli haviangukii ukuta wanaoutazama na hoja huvunjika.

Kujaribu mbinu hii, kaeni wanne. Someni ukurasa mmoja kwa sauti mara mbili, kisha kila mmoja achore kimya dakika 10. Badilishaneni karatasi, anayepokea aongeze kitu kimoja tu, akitaja sentensi inayokithibitisha. Rangi zisubiri: zikitangulia, watu hubishania uzuri na matini husahaulika.