Kipeperushi cha Mbagala: tunayoamini kuhusu kutoa mimba na uhuru wa kusema, na yaliyo kweli

Jumamosi moja tulikaa barazani kwa mama mmoja wa jumuiya yetu, Mbagala, tunakunja vipeperushi. Vilikuwa mia tatu, vimetoka Kariakoo kwa mchapaji bado vinanuka wino. Sisi ni watetezi wa uhai. Tunaamini mtoto aliye tumboni ni mtu, na mimi hilo silifichi popote.

Binti mmoja wa kwaya akaniuliza: "Dada, tukigawa hizi pale Rangi Tatu hatutakamatwa? Si mambo ya kutoa mimba hayaruhusiwi kuongelewa?" Sijafungua mdomo, mama mwenye nyumba akadakia: "Wakamatwe wale wanaotaka sheria ilegezwe. Sisi tunasema kweli." Wote wawili nawapenda, na wote wawili walikuwa wamekosea.

"Sheria imeshakataza, hakuna cha kujadili"

Kilichokatazwa ni tendo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 150, inampa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo, hadi miaka 3. Halafu kipo cha 230, ambacho pale barazani hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia: anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, ili kuokoa maisha ya mama, hana kosa la jinai.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomfunga mtu kwa kusema sheria hii ni nzuri, au ni kali mno, au ni legevu. Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Mipaka ipo, imewekwa na ibara ya 30, na mkutano wa hadhara au maandamano yana utaratibu wa kuwataarifu polisi. Lakini kutoa maoni kuhusu sheria si kuvunja sheria.

"Tulishasaini Maputo, kwa hiyo imeruhusiwa"

Hili linasemwa sana, mara nyingine na watu wanaotutisha nalo, mara nyingine na wanaolishangilia. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, na ibara ya 14 ya itifaki hiyo inazungumzia mimba ya kubakwa, ya maharimu, na inayohatarisha afya au maisha ya mama. Ila mkataba wa kimataifa kwetu haugeuki sheria ya ndani mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza. Kanuni ya Adhabu imebaki ilivyo.

"Uhuru wa maoni ni wetu, wao wanaeneza mauaji"

Hapa ndipo nilipobishana na mama mwenye nyumba mpaka chai ikapoa.

Mwaka 1992 Uingereza ilikuwa na uchaguzi mkuu. Phyllis Bowman, mtetezi wa uhai aliyejulikana nchi nzima, aligawa vipeperushi vinavyoeleza msimamo wa wagombea kuhusu kutoa mimba. Alishtakiwa, kwa sababu sheria ya uchaguzi wakati huo haikumruhusu mtu asiyeidhinishwa na mgombea kutumia zaidi ya pauni 5 kwa kazi kama hiyo. Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, na mwaka 1998 mahakama ikasema uhuru wake wa kujieleza, unaolindwa na ibara ya 10 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ulikuwa umevunjwa.

Mama akafurahi. Nikamwambia asubiri. Mwaka ule ule wa 1992, mahakama ile ile, kwa ibara ile ile ya 10, ilikuwa imewapa haki washauri wa akina mama wa Ayalandi. Mahakama za kwao ziliwapiga marufuku kuwaeleza wajawazito habari za kliniki za kutoa mimba zilizoko Uingereza. Strasbourg ikasema marufuku ile ilizidi kiasi.

Mlango aliopitia Bowman ni ule waliopitia wale washauri. Tukiufunga kwa ajili yao, na sisi tutaukuta umefungwa. Wala si wapinzani wetu peke yao wanaozuia watu kusema. Tangu 1984 marais wa Marekani wa chama cha Republican, wanaopinga kutoa mimba kama sisi, wamekuwa wakiweka sharti kwamba shirika la nje linalopokea fedha zao za uzazi wa mpango lisitetee kulegezwa kwa sheria za kutoa mimba nchini kwake. Hata kwangu mimi nisiyetaka zilegezwe, mtu anayenyamazishwa kwa fedha hajashawishika.

"Ulaya ukiwa mtetezi wa uhai unafungwa"

Ina chembe ya ukweli iliyokuzwa. England na Wales, tangu 31 Oktoba 2024, zimeweka eneo la mita 150 kuzunguka kliniki ambamo huruhusiwi kumshawishi au kumsumbua anayeingia. Wapo walioshtakiwa kwa kusali kimya ndani ya maeneo ya aina hiyo, na mimi naona kumshtaki mtu kwa sala ya moyoni ni kupita kiasi. Lakini nje ya mita hizo unasema, unaandika, unaandamana. Marekani, mwaka 2014, Mahakama ya Juu kwa kauli moja ilifuta sheria ya Massachusetts iliyowaweka watu futi 35 mbali na milango ya kliniki.

"Nia ikiwa njema, chumvi kidogo si dhambi"

Kipeperushi chetu kilisema kutoa mimba kunaleta saratani ya matiti. Si kweli. Mwaka 2004 uchambuzi uliounganisha tafiti 53 za nchi 16, wenye wanawake 83,000 waliougua saratani hiyo, haukuona uhusiano. Kilisema pia kwamba ukienda hospitali unatokwa damu, unakabidhiwa polisi.

Sentensi hiyo ya pili ilinichoma. Binti wa jirani yangu alimeza vidonge vilivyouzwa kimyakimya, akatokwa damu siku mbili juu ya godoro, kanga tatu zimekunjwa chini yake. Mama yake alikataa kumpeleka popote: "Watadai PF3, mwanangu atafungwa." Shangazi mtu ndiye aliyembeba usiku kwa bajaji. Alipona. Muuguzi aliyempokea alimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, lakini alimtibu.

PF3 ni fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa, kama kwa kupigwa au ajali. Anayetokwa damu ya mimba ni mgonjwa wa dharura, iwe mimba imetoka yenyewe au imetolewa, na huduma hiyo ipo hospitalini na kwenye vituo vya afya. Makadirio ya mwaka 2013 yaliweka mimba zilizotolewa nchini kuwa zaidi ya 400,000, na wanawake waliotibiwa baada ya hapo kama 66,000. Wengi wa waliobaki hatujui walilala juu ya kanga ngapi. Siwezi kujiita mtetezi wa uhai halafu karatasi yangu imfungie mtu ndani mpaka afe.

Tukachukua kalamu nyeusi tukafuta mistari hiyo miwili, karatasi moja baada ya nyingine, zote mia tatu. Pembeni binti wa kwaya akaandika kwa mkono: "Ukitokwa na damu, nenda hospitali leo." Chini yake akaongeza jambo ambalo wasichana wengi wa mtaani kwetu bado hawalijui, kwamba tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Kufikia karatasi ya mia mbili mkono ulimuuma, mama mwenye nyumba akampokea kalamu.