Dhana potofu kuhusu maisha ya mpakani mwa Roma, na ushahidi uliopo

Mwaka 1973, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba katika ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, walifukua vipande vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Udongo wa pale ni wa majimaji na hewa haipenyi, ndiyo maana mbao hizo hazikuoza kwa zaidi ya miaka 1,800. Tangu hapo vimepatikana vibao vya namna hiyo kwa mamia: barua, maombi ya likizo, orodha za manunuzi, ripoti za kikosi. Thamani yake kubwa ni kwamba walioviandika hawakutuandikia sisi. Mtu alishika kalamu kwa kuwa alitaka bia, soksi au ruhusa. Anayevisoma akiuliza kila mara nani aliandika, kwa nani, na alitaka nini, ataona mengi tunayoyaamini yakitikisika.

“Askari wa mpakani walikuwa watu wa Roma.”

Ulinzi wa mpaka uliachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa vikosi vya wasaidizi, vilivyoandikishwa kutoka mataifa yaliyokwisha kutawaliwa. Vindolanda walikaa Watungri na Wabatavi, watu wa sehemu ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi. Askari wa vikosi hivyo alitumikia miaka 25 ndipo apewe uraia wa Roma.

Mawe ya makaburi yanatupeleka mbali zaidi. Huko South Shields, mwisho wa mashariki wa mpaka huo, Barates, mtu wa Palmyra nchini Syria, alimsimamishia mkewe jiwe zuri la kumbukumbu. Mke huyo, Regina, alikuwa Mbritoni, yaani mwenyeji wa Uingereza ya kale, wa kabila la Wakatuvelauni. Alikuwa mtumwa, Barates akamwacha huru, akamwoa, naye akafariki akiwa na miaka 30. Maandishi ni ya Kilatini, na chini yake Barates akaongeza mstari wa kuomboleza kwa lugha ya kwao. Mahali hapo hapo kuna kaburi la Victor, Mmori wa Afrika Kaskazini, aliyeachwa huru na mpanda farasi wa jeshi na kufariki akiwa na miaka 20. Katika karne ya 3 kikosi kizima cha Wamori kilikuwa Burgh by Sands, upande wa magharibi.

Lakini jiwe la kaburi humsemea aliyelilipia. Huzuni ya Barates tunaisoma. Regina aliyaonaje maisha yake, jiwe halisemi. Na maskini wengi walizikwa bila jiwe lolote.

“Kila siku ilikuwa vita.”

Kibao kimoja cha Vindolanda, ripoti ya tarehe 18 Mei, kinahesabu kikosi cha Watungri: askari 752. Kati yao 456 hawakuwepo ngomeni. Askari 337 walikuwa Coria, yaani Corbridge ya leo, na 46 walikwenda kumlinda gavana. Waliobaki ni 296, na 31 kati yao hawakuweza kazi: 15 wagonjwa, 6 wenye majeraha, 10 wanaumwa macho. Ngome iliyokuwa ikizingirwa na maadui isingetawanya watu wake hivyo. Katika barua nyingine, ofisa aitwaye Masclus anamwomba mkuu wake maagizo ya kesho, kisha anamwambia kwamba askari hawana bia, tafadhali iagizwe.

Hata hivyo, asitokee mtu wa kusema palikuwa shwari. Hesabu ile ni ya siku moja tu. Jiwe la kaburi la ofisa wa kikosi hicho hicho, lililopatikana Vindolanda, linasema waziwazi kwamba aliuawa vitani.

“Hapakuwa na wanawake wala watoto.”

Sheria ilimkataza askari wa kawaida kuoa hadi zama za Kaisari Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya 2. Ukisoma sheria peke yake utaiona ngome ya wanaume watupu. Ardhi inaonyesha vingine: viatu vya ngozi vilivyofukuliwa Vindolanda ni maelfu, na vimo vya wanawake na vya watoto wadogo, hata kwenye mabweni ya askari. Wakuu wao waliruhusiwa kuishi na wake zao. Mnamo mwaka 100, Claudia Severa alimwalika rafikiye Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake, tarehe 11 Septemba. Karani aliandika barua, na mwishoni Severa akaongeza maneno ya upendo kwa mkono wake mwenyewe. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa na mwanamke.

“Vyanzo vinatuonyesha pande zote mbili.”

Hapa ndipo pananiuma zaidi. Mwanahistoria Tacitus anaandika hotuba kali ya Calgacus, kiongozi wa Wakaledonia, watu wa Scotland ya leo, akiwashutumu Warumi kwamba huacha jangwa na kuliita amani. Maneno ni mazito, ila ni ya Tacitus, Mrumi aliyekuwa akiandika habari za baba mkwe wake, jenerali Agricola. Kibao kimoja cha Vindolanda kinaeleza jinsi Wabritoni wanavyopigana, na kinawataja kwa jina la dharau. Wenyewe hawakuacha barua. Kwao lazima tugeukie udongo: misingi ya nyumba zao za duara, na mifereji ya jembe iliyokutwa chini ya Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpakani uliojengwa kwa amri ya Kaisari Hadrian, ithibati kwamba ukuta ulipita juu ya mashamba ya watu.

“Vibao vya Vindolanda vinaeleza maisha ya Ukuta wa Hadrian.”

Ukuta ulianza kujengwa mwaka 122. Vibao vingi viliandikwa kabla ya hapo, wakati mpaka wa Roma ulikuwa bado ni mlolongo wa ngome na barabara.