“Baba” wa Kituruki si ndugu wa “baba” wetu

Katika makundi sogozi ya hapa Dodoma hurudi kila mara ujumbe usemao kwamba, kwa kuwa Wachina na Waturuki nao husema “baba”, lugha zao na Kiswahili zina asili moja. Sivyo. Mtoto wa miezi saba hivi, kama wale wanaobebwa mgongoni katika soko la Majengo, hubwabwaja “ba-ba” na “ma-ma” kabla hajamaanisha lolote, na wazazi wa kila taifa hujitwalia silabi hizo. Ndiyo maana Wageorgia (ajabu kidogo) humwita mzazi wa kiume “mama”. Anayetaka kuhakikisha alinganishe maneno mengine: “tatu” ni “üç” kwa Kituruki na “sān” kwa Kichina. Neno moja likifanana huvutia jicho, yale mamia yasiyofanana hayaonekani, basi ujumbe huo ukikufikia tafadhali usiusambaze.