Mtoto wa baba Mmalawi aliyelelewa Kyela ni wa nchi gani?

Imani kwamba mtoto hufuata uraia wa baba yake peke yake imeenea katika Nyanda za Juu Kusini, hasa Kyela na Tunduma, ambako ndoa za kuvuka mpaka na Malawi au Zambia ni za kawaida. Imani hiyo si sahihi.

Chanzo chake kinaeleweka: kwa Wanyakyusa ukoo huhesabiwa upande wa baba, na sheria ya zamani nayo ilimpitishia mtoto aliyezaliwa ng'ambo uraia kupitia baba. Hata hivyo, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ilimtambua pia mama, kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa Karonga, nchini Malawi, na mama ambaye ni Mtanzania wa kuzaliwa ni Mtanzania, kama alivyo yule aliyezaliwa Kyela kwenyewe. Inaumiza, kwa hiyo, kumsikia mtoto aliyekulia kwa bibi yake akiitwa mgeni, tena katika eneo ambalo Wangonde wa ng'ambo ya Mto Songwe na Wanyakyusa wanaelewana kwa lugha na wana mila za karibu sana.

Kuwa wa ukoo wa Karonga hakumwondolei uraia. Kinachoweza kumwondolea ni umri: akifika miaka 18 akiwa na uraia wa nchi mbili, hana budi kuukana ule wa kigeni ili abaki Mtanzania, nalo ndilo jambo ambalo familia nyingi zingepaswa kulizungumza mapema.