Unataka kueka tairi pana nyuma ya boda? Soma namba kwanza

Ndugu zangu wa boda wa Malindi, Watamu, Gongoni mpaka kule Mokowe, nawaandikia kama mkufunzi wa ufundi wa pikipiki chuoni hapa Malindi, manake hii tabia ya kutoa tairi ya nyuma ya saizi yake na kueka pana imezidi, na wengi wanaamini tairi ikiwa pana basi pikipiki itabeba zaidi na haitateleza. Sio hivo, na ni jambo la maisha ya mtu na abiria wake.

Angalia ubavu wa tairi. Boda nyingi huku zinatoka dukani na 3.00-18 au 3.00-17 nyuma, 3.00 ni upana kwa inchi na hio ya mwisho ni kipimo cha rimu. Zile pana zinaandikwa kwa milimita, mfano 110/90-18, yaani upana mm 110 na ubavu umepanda asilimia 90 ya huo upana. Ukipiga hesabu, kutoka 3.00-18 kwenda 110/90-18 umeongeza karibu sm 1.5 kila upande, na juu pia imepanda karibu sm 2, kwahivo nafasi ya kushoto na cheni inapungua, ya kulia na fimbo ya breki inapungua, na ya juu na madigadi inapungua, alafu bado hujapakia mtu.

Sasa rimu. Rimu ya nyuma ya pikipiki hizi mara nyingi imepigwa muhuri 1.85x18, hio 1.85 ni upana wa rimu kwa inchi, ifute matope uisome. Rimu hio inashika vizuri 3.00, hata 3.25 na 90/90. 110/90 inataka rimu kuanzia 2.15, na inatulia zaidi kwenye 2.50. Ukiilazimisha kwenye 1.85 mbavu zinabanwa ndani na mgongo unachongoka, kwahivo ukienda wima sehemu inayogusa lami inakua nyembamba, katikati inaisha haraka na kwenye kona pikipiki inaanguka upande ghafla badala ya kulala polepole. Mtu amelipa pesa zaidi apate kushika barabara na amepata kinyume chake. Na tyubu je, wengi wanarudisha ile ile ya 3.00, inavutika mpaka inakua nyembamba ndani ya tairi kubwa, jua la saa nane na mzigo juu, inapasuka.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni vile mafundi wengine wanatafuta nafasi. Kuna anaekata kava ya cheni, kuna anaejaza washa (vile vipete vya chuma) upande mmoja wa ekseli ili gurudumu lisogee, hapo sproketi mbili, zile gia za cheni ya mbele na nyuma, haziko tena kwenye mstari mmoja, cheni inakula meno na siku moja inaruka. Mbaya kuliko zote ni kutoa au kukunja kile chuma kinachoshika sahani ya breki (kile kifuniko cha ngoma) kwenye swingamu, ile mikono ya chuma inayobeba gurudumu la nyuma, ati kinagusa tairi. Chuma hicho ndo kinazuia sahani isizunguke. Kikitoka, ukikanyaga breki sahani inabebwa na gurudumu, fimbo ya breki inajisokota nayo na gurudumu linajifunga papo hapo. Ukikuta fundi amekitoa usiondoke na hio pikipiki, hata mita kumi.

Dalili ya tairi inayogusa unaiona mwenyewe ukiinama: mstari uliong'aa ndani ya swingamu, rangi imetoka chuma kitupu, na ungaunga mweusi wa mpira juu ya kava ya cheni. Kwa hewa yetu ya chumvi huo mstari unaanza kutu haraka, na upande wa tairi nao unachanika mahali ambapo huangalii.

Mwendo nao unabadilika. Tairi kubwa inasogea karibu sm 12 zaidi kila mzunguko, kwahivo ni kama umeeka sproketi ndogo nyuma, pikipiki inakua nzito kutoka, unaminya klachi sana, mafuta yanaenda. Mita ya spidi haitakwambia kitu, kwa boda nyingi inasoma gurudumu la mbele.

Wa Mambrui wataniambia mchanga unataka upana. Kweli, kwenye mchanga mlaini upana unasaidia kidogo, ila tairi ya mbele bado ni 2.75 na ndo inayozama kwanza. Meno mazuri ya tairi na mzigo mdogo vinasaidia zaidi. Na ukipunguza upepo kuvuka mchanga, jaza tena kabla ya lami, kwasababu tairi laini inateleza juu ya rimu na kung'oa shina la valvu.

Kama shida yako ni mzigo, baki na saizi ile ile ila soma namba ya uzito, ile tarakimu mbili kabla ya herufi. 47 ni kilo 175, 52 ni kilo 200, 57 ni kilo 230. Hapo ndo nguvu iko. Hata hivo fremu, spoki na breki hazijaongezeka, na sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya ubavuni inayoanza na herufi DOT, zinaonyesha tairi ilitengenezwa lini, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, tairi ilioning'inia juani miaka dukani usiinunue hata ikiwa na meno mapya.

Ukishafunga, kaza cheni vile inavotakiwa, keti na mwenzako juu ya pikipiki, mtu wa tatu apitishe kidole kati ya tairi na kila chuma, kushoto, kulia, mbele kwenye swingamu na juu. Kidole kisipopita, toa. Kikipita, siku za kwanza endesha taratibu kwasababu tairi mpya inateleza, na baada ya wiki rudi kwa fundi akague spoki na nati ya ekseli.