Kushinda si lazima kupigana

Kitenzi "kushinda" hufundishwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni moja tu: kumwangusha mtu kwa nguvu. Kwa kufanya hivyo tunakipunja.

Dhana: Nguvu imo ndani ya kitenzi chenyewe.

Haimo. Ndiyo maana huwa tunaiongeza: kushinda kwa nguvu, kwa hoja, kwa kura. Kwenye mnada wa korosho Newala au Masasi, anayeshinda ni mnunuzi aliyetaja bei ya juu, wala hakumgusa mtu. Maana hapo ni kuzidi. Ukitaka mabavu yasikike, yapo maneno yake: kubwaga, kutiisha, kuzidi nguvu.

Hata tunaposema Wajerumani walishinda Vita vya Maji Maji (1905–1907), tusiione bunduki peke yake. Vita vilianzia Umatumbi, Kilwa, na bunduki ziliua wengi, lakini watu wa Kusini walimalizwa zaidi na njaa, baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa moto kwa makusudi.

Dhana: "Tumeshinda njaa" ni habari njema.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Anayesema "tumeshinda njaa" hajala tangu asubuhi. Kushinda hapa ni kupitisha mchana, kama katika "umeshindaje?" au "leo nashinda shambani". Ukikusudia kwamba njaa imekwisha, weka kiambishi: "tume*i*shinda njaa". Silabi moja hiyo inageuza habari yote. Nawasihi wanaoandika mabango ya miradi ya kilimo waiangalie, maana mkulima wa Nachingwea akisoma "Kijiji chetu kimeshinda njaa" atauliza chakula cha msaada kinafika lini.

Dhana: Aliyeshindwa amepigwa na mpinzani.

Tazama neno linalofuata. "Namungo imeshindwa na wageni Ruangwa": hapo imefungwa. "Namungo imeshindwa kupata bao": hapo huenda mechi imeisha sare. Na mama akisema "mtoto huyu amenishinda", hapakuwa na mweleka wowote. Amemwonya na kumbembeleza, hasikii.

Dhana: "Kushinda" katika kulinganisha ni Kiswahili kibovu.

"Newala kuna baridi kushinda Mtwara mjini." Walimu wengine huikata sentensi hii kwa wino mwekundu. Kwenye maandishi rasmi "kuliko" imezoeleka zaidi, sawa, ila kosa silioni: baridi ya huko kwenye uwanda wa juu inaizidi ya pwani, na kuzidi ndiyo kazi ya kitenzi hiki.

Dhana: "Kushindika" daima ni kuweza kushindwa.

Adui asiyeshindika, ndiyo. Lakini kushindika ufuta ni kuubana mpaka utoe mafuta, na kushindika mlango ni kuurudishia bila kutia komeo. Ukiambiwa mlango umeshindikwa, usihangaike na ufunguo, usukume, uingie.