Furaha ya Mkristo katika Msimu wa Korosho

Katika maswali ninayoulizwa na makatekista ninaowafundisha Maandiko hapa Masasi, lipo moja ambalo halikosekani, na mara nyingi muulizaji ni mtu aliyetoka kuongoza ibada ya mazishi: Mtume Paulo anatuamuruje tufurahi? Mtu anaweza kuamriwa afunge, atoe zaka, amsamehe jirani yake, lakini furaha, wanasema, huja yenyewe au haiji kabisa, na kumsomea mfiwa maneno ya Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini", ni kumtwisha mzigo wa pili kabla hajautua wa kwanza.

Swali hilo lina uzito kuliko majibu mengi tunayoyasikia mimbarani. Jibu la haraka husema kwamba mwenye imani ya kweli hahuzuniki, na kwamba anayelia sana msibani, au anayekaa kimya wakati wenzake wanapiga vigelegele, imani yake ina walakini. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Furaha ikishafanywa kipimo cha imani, waumini hujifunza kuiigiza, na kanisa lenye waigizaji wa furaha ni mahali pagumu sana kwa mtu mwenye shida ya kweli.

Waraka wenyewe haumuungi mkono mhubiri wa namna hiyo. Paulo anauandika akiwa kifungoni, na anawaandikia watu wa mji ambako yeye na Sila walichapwa kwa bakora, wakatupwa chumba cha ndani cha gereza, wakafungwa miguu kwa mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaomba na kumwimbia Mungu huku wafungwa wengine wakiwasikiliza (Matendo 16). Wafilipi walijua vizuri ni nani anayewaambia wafurahi. Hata hivyo, katika sura ya pili ya waraka huohuo, Paulo anaeleza jinsi Epafrodito, mjumbe waliyemtuma wampelekee msaada, alivyougua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia mgonjwa huyo na Paulo pia, "nisiwe na huzuni juu ya huzuni". Huzuni ya kwanza, basi, ilikuwapo tayari, naye haioni kuwa aibu kuitaja. Katika sura ya tatu anasema kwamba anaandika kwa machozi. Mtu huyo anayelia katika sura ya tatu ndiye anayetuambia tufurahi katika sura ya nne.

Aliyenisaidia zaidi kuelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa katika moyo mmoja ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274. Kwake furaha ya kiroho si fadhila inayosimama peke yake. Ni tokeo la upendo. Anayependa hufurahi kwa kuwa na yule ampendaye, na hufurahi pia kwa kuwa yule ampendaye ana heri. Heri ya Mungu haipungui, kwa hiyo anayempenda Mungu anacho cha kufurahia hata siku ambayo mambo yake mwenyewe yameharibika. Lakini upendo uleule humpenda na jirani, na heri ya jirani inaweza kuzuiwa na dhambi, njaa, ugonjwa na kifo. Hapo upendo hauna budi kuhuzunika, na usipohuzunika tuna sababu ya kuuliza kama ni upendo. Ndiyo maana Warumi 12:15 inaagiza yote mawili kwa pumzi moja, kufurahi pamoja nao wafurahio na kulia pamoja nao waliao, bila kutuambia tuchague.

Kwa mtazamo huo, amri ya Paulo haishangazi tena. Haamuru hisia, anaelekeza upendo, na anawaelekeza watu wengi kwa pamoja, kwa sababu waraka ulisomwa mbele ya kusanyiko. Anayeshindwa kuimba leo huimbiwa na wenzake. Kwa hiyo huwashauri makatekista kwamba siku ya mazishi wasome habari za Epafrodito, na Wafilipi 4:4 ingoje hata arobaini, wafiwa wanapoweza kuisikia bila kuona kwamba wanakaripiwa.

Upande wa pili wa suala hili hausemwi sana, nao ni namna ya kufurahi mambo yanapokuwa mazuri. Huku Mtwara na Lindi furaha ya mwaka ina majira yake. Katikati ya mwaka, mikorosho inapotoa maua, mkulima hupuliza salfa kukinga ubwiriunga, ugonjwa unaoharibu maua hayo, na asubuhi yenye ukungu humtia hofu. Ikifika Oktoba korosho zinaokotwa, zinaanikwa, zinapelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa na kuingia ghalani zikisubiri mnada. Fedha zinapoanza kuingia, Majilio, majira ya kujiandaa kwa Krismasi, nayo yamekaribia. Dominika ya tatu ya Majilio ndiyo Dominika ya Furaha katika kalenda ya Kanisa la Magharibi, siku ambayo padre anaweza kuvaa mavazi ya rangi ya waridi badala ya zambarau, na antifona ya kuingilia, yaani maneno ya kuanzia Misa, ni hayohayo maneno ya Wafilipi 4:4. Kwetu huangukia katika wiki ambazo mabati yanashushwa, pikipiki mpya zinaonekana barabarani na kamati za harusi zinakutana kila jioni.

Wahubiri wengine huitumia siku hiyo kukemea anasa. Mimi naona wanapoteza nafasi nzuri, kwa sababu Biblia haioni haya kuhusu mavuno. Kumbukumbu la Torati 16 inaagiza kwamba mazao yakishakusanywa watu wafanye sikukuu ya Vibanda na kufurahi, kisha inataja walioalikwa: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Katika orodha hiyo ndipo furaha ya mavuno inapotofautiana na ulafi.

Vivyo hivyo Nehemia 8:10. Wote tunaikumbuka sehemu yake ya mwisho, "furaha ya BWANA ni nguvu zenu", na nimeiona imeandikwa hata kwenye vioo vya magari. Sehemu ya mwanzo imesahaulika: watu wameambiwa wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yeye asiyewekewa kitu. Katika vijiji vyetu mtu huyo yupo, na mara nyingi ni yule aliyeuza kwa kangomba. Miezi ya njaa, kabla mikorosho haijachanua, alichukua mahindi au fedha kidogo kwa ahadi ya korosho zake. Msimu ukifika anaokota kama wenzake, anaanika kama wenzake, kisha gunia linabebwa kwenda kwa mtu mwingine kwa bei isiyofanana kabisa na ya mnadani. Jumapili ya shukrani ya mavuno anakaa benchi moja na waliolipwa. Katika jumuiya moja ndogo niliyoitembelea upande wa Newala, wanajumuiya huandika majina ya nyumba za namna hiyo kabla mbuzi wa sherehe hajachinjwa, na mabakuli ya pilau hupelekwa huko kwanza, ndipo wageni waalikwa wanapopakuliwa. Sijasikia mahubiri yaliyoieleza Nehemia 8:10 vizuri kuliko mabakuli yale.

Misimu mibaya nayo ipo. Walioishi huku msimu wa 2018/2019, malipo ya wakulima wengi yalipochelewa, hawahitaji maelezo marefu kuhusu Habakuki 3, ambako nabii anahesabu mtini usiochanua, mashamba yasiyotoa chakula na zizi tupu, kisha anasema, "Walakini nitamfurahia BWANA". Hasemi kwamba hasara si hasara. Anaitaja kitu kimoja kimoja, na ndipo anapofika kwenye ile "walakini".

Ipo pia hali ambayo mapokeo ya kale yaliiita uvivu wa kiroho, na Tomaso aliiweka kinyume cha furaha: mtu anachoshwa na Mungu mwenyewe, sala inamkera, mema anayaona mzigo. Dawa yake ni kudumu katika sala fupi, kazi na ushirika, tena bila kusubiri hamu. Lakini tusiichanganye na sonona. Muumini asiyelala wiki nzima, asiyekula, aliyepoteza hamu ya kila kitu hata watoto wake, au anayesema kwamba heri asingekuwapo, hana dhambi ya kuungama kwa hali hiyo, ana ugonjwa. Katekista amsindikize hospitali siku hiyohiyo, na asimwache peke yake njiani.